Nani Amwite Mchungaji? Habari za Kanisa la Uskoti na Wenye Ardhi

Mtu atakaye kujifunza habari za Waingereza, na aanze kwa kuondoa kosa moja la maneno. Sisi husema "Uingereza" kana kwamba ni nchi moja yenye watu wa namna moja. Kumbe ufalme ule una nchi nne ndani yake. Katika kisiwa kikubwa kiitwacho Britania ziko tatu: Uingereza yenyewe upande wa kusini, ambamo mna mji wa London, Wales upande wa magharibi, na Uskoti upande wa kaskazini, nchi ya milima na maziwa, na ghuba nyembamba za bahari ziingiazo ndani sana. Ya nne ni Ayalandi ya Kaskazini, ng'ambo ya maji. Mskoti akiitwa Mwingereza hukasirika, wala tusimlaumu. Hata Mchaga hafurahi akiitwa Mpare. Mwalimu atakayesoma habari hii pamoja na wanafunzi wake afadhali achore kwanza ramani ya kisiwa kile ubaoni, apate kuwaonyesha mpaka wa Uskoti.

Tena nchi hizo hazina kanisa moja. Wengi hudhani ya kuwa mfalme wa Uingereza ni mkuu wa kanisa katika ufalme wake wote. Sivyo. Katika Uingereza yenyewe Mfalme Henry VIII alijitenga na Papa mwaka wa 1534 akajifanya kichwa cha kanisa. Na tangu mwaka wa 1559, siku za Malkia Elizabeth I, mwenye enzi huitwa Mtawala Mkuu wa kanisa lile. Hata leo maaskofu wake huwekwa kwa jina la mfalme, na 26 miongoni mwao huketi katika Bunge la Mabwana. Kanisa la Ayalandi lilitengwa na serikali mwaka wa 1871, na lile la Wales mwaka wa 1920. Bali Uskoti ni habari nyingine kabisa. Huko watu walibishana zaidi ya miaka mia juu ya neno ambalo kila usharika hulijua: Nani mwenye haki ya kumwita mchungaji?

Kwanza tuseme jinsi Matengenezo yalivyofika huko, maana hapo pana jina la kukumbukwa na sisi Walutheri. Kijana mmoja wa ukoo mkubwa, Patrick Hamilton, alisoma maandiko ya Luther, akasafiri mwaka wa 1527 mpaka Marburg katika Ujerumani, ambako chuo kikuu kipya kilikuwa kimefunguliwa mwaka uleule. Akarudi kwao akafundisha ya kuwa mtu huhesabiwa haki kwa imani. Mwezi wa Februari 1528 alichomwa moto katika mji wa St Andrews. Herufi mbili za jina lake zimetiwa katika mawe ya njia mahali alipokufa, na wanafunzi wa chuo cha mji ule hata leo huruka wasizikanyage. Ingawa, kama ilivyo desturi ya wanafunzi, wengi wao huogopa kushindwa mitihani kuliko kumheshimu shahidi. Baadaye alikuja John Knox, aliyekaa Geneva, na mwaka wa 1560 Uskoti ikaliacha kanisa la Papa ikafuata utaratibu wa Wapresbiteri. Hao hawana maaskofu. Usharika huongozwa na mchungaji pamoja na wazee. Juu yake iko baraza ya wilaya. Na juu ya zote uko Mkutano Mkuu wa wachungaji na wazee, ukutanao kila mwaka katika mji wa Edinburgh. Knox na wenzake waliandika tangu mwanzo ya kuwa ni haki ya kila usharika kumchagua mchungaji wake.

Lakini palikuwa na desturi ya kale iliyowapinga. Zamani bwana mwenye ardhi alipojenga kanisa katika nchi yake na kulitengea shamba la kumlisha kasisi, alipata haki ya kumtaja yule atakayehudumu humo. Haki hiyo ilirithiwa na mwanawe, na mjukuu wake, tena iliweza kuuzwa pamoja na shamba kama vile mtu auzavyo kinu. Mfalme mwenyewe alikuwa nayo katika sharika nyingi. Ikafutwa mwaka wa 1690. Hata mwaka wa 1707 Uskoti na Uingereza zilipounganisha mabunge yao, ilipatanwa kwa sheria kwamba Kanisa la Uskoti halitaguswa. Mapatano hayo yalikuwa ya miaka mitano hivi tu Bunge la London lilipoirudisha haki ya wenye ardhi, mwaka wa 1712. Waskoti hawakusahau.

Tusiwafanye wenye ardhi kuwa watu wasio na neno la kujibu. Kwa sheria za Uskoti wao ndio waliotoa mshahara wa mchungaji, nao walipaswa kulitengeneza kanisa na nyumba yake. Wakasema: Sisi ndio tunaolipa, kwa nini tusichague? Tena walikuwako wachungaji wengi walioona ya kuwa bwana msomi atamtambua mtu mwenye elimu kuliko wakulima wasiotoka kijijini kwao. Lakini matunda hayakuwa mema. Bwana mwingine alikaa London, hajapata kuketi hata mara moja katika kanisa lile, naye aliwapelekea watu mchungaji aliyekuwa mwalimu wa watoto wa rafiki yake. Mara nyingine watu walifunga njia, na askari wakaitwa ili mchungaji mpya apate kuingizwa kanisani. Wengine walijitenga wakaanzisha makanisa yao wenyewe, mwaka wa 1733, na tena mwaka wa 1761.

Hapa Mlutheri asijivune. Luther mwenyewe aliandika mwaka wa 1523, kwa ajili ya watu wa Leisnig katika Saksoni, ya kuwa usharika wa Kikristo una haki ya kuyapima mafundisho yote na kuwaita na kuwaondoa walimu wake. Maana huko nako abati wa monasteri alidai kwamba kuweka mchungaji ni kazi yake. Lakini muda si mwingi wafalme wadogo wa Ujerumani waliyatwaa mamlaka ya kanisa, wakakaa nayo mpaka mwaka wa 1918. Basi Waskoti walipigania neno lililoandikwa na Luther kuliko walivyolipigania Walutheri wengi.

Mwaka wa 1834 Mkutano Mkuu wa Uskoti ulitoa kanuni: wakuu wa nyumba walio washiriki wa Meza ya Bwana, wengi wao wakimkataa mtu aliyeletwa na mwenye ardhi, mtu huyo asiwekwe. Mwaka uleule kanuni ikajaribiwa. Katika usharika wa Auchterarder mwenye haki, Earl wa Kinnoull, alimleta kijana mmoja, Robert Young. Hati ya wito ilipowekwa mezani ili watu watie sahihi, wawili tu wa usharika walijitokeza. Waliomkataa walikuwa zaidi ya 280. Baraza ya wilaya ikakataa kumweka, naye Young akaenda mahakamani. Mwaka wa 1838 waamuzi wanane wakawa upande wake, watano wakawa upande wa kanisa. Na mwaka wa 1839 Bunge la Mabwana huko London likaithibitisha hukumu ile. Maana ya hukumu yao ilikuwa hii: kanisa hili limesimamishwa kwa sheria, basi sheria ndiyo iamuayo, na haki ya mwenye ardhi ni mali, kama mali nyingine. Kanisa likajibu: Mshahara na nyumba ni mali, hayo chukueni, lakini kumwekea mtu mikono na kumpa roho za watu azichunge si mali ya mtu.

Tunaona ya kuwa hapo ndipo neno lote liliposimama, nalo ni zito kuliko jambo la uchaguzi. Kama mahakama yaweza kuwaamuru wachungaji wamwekee mtu mikono, basi yaweza pia kuwaamuru wampe mtu Meza ya Bwana, au wamnyime.

Jambo lile lilionekana wazi kwa macho mwezi wa Januari 1841 katika usharika wa Marnoch, upande wa kaskazini mashariki. Aliyeletwa huko alikubaliwa na mtu mmoja tu wa usharika, naye alikuwa mwenye nyumba ya wageni ambako wachungaji wa wilaya walizoea kula na kunywa. Wachungaji saba, walioitii mahakama kuliko Mkutano Mkuu, walikwenda kumweka kwa nguvu. Siku ile theluji ilikuwa nyingi, hata hivyo watu walifurika kanisani. Wakauliza kwa adabu, Mmekuja kwa amri ya nani? Walipojibiwa, wenyeji wa usharika wakakusanya Biblia zao vitini, wakainuka, wazee na vijana, wakatoka nje katika theluji kimya kimya. Wengine walikuwa wakilia. Mchungaji akawekwa mbele ya wageni waliokuja kutazama.

Mkutano Mkuu ukaomba msaada kwa serikali ya London, ukakataliwa. Ndipo ikaja siku ya Alhamisi, 18 Mei 1843. Wajumbe walikutana katika kanisa la St Andrew, Edinburgh, na mjumbe wa Malkia Victoria alikuwapo. Mwenyekiti, David Welsh, alipomaliza sala hakuufungua mkutano kama desturi. Alisoma hati ya kusema kwamba mkutano huu hauwezi tena kuwa huru, akaiweka mezani, akainama mbele ya mjumbe wa Malkia, akaenda mlangoni. Nyuma yake akatoka Thomas Chalmers, mhubiri aliyejulikana kuliko wote katika Uskoti, na nyuma ya Chalmers safu baada ya safu. Watu wa mjini walikuwa wamejaa pande zote mbili za njia. Wakateremka kwa miguu mpaka ukumbi wa Tanfield, wakamchagua Chalmers awe mwenyekiti, na hivyo likaanza Kanisa Huru la Uskoti. Wachungaji 474, miongoni mwa 1,200 hivi, walitia sahihi ya kuziacha kazi zao. Mapato waliyoyaacha yalizidi pauni 100,000 kwa mwaka. Wamisionari wa kanisa walioko Uhindi wakafuatana nao. Mchoraji David Octavius Hill alitaka kuichora siku ya sahihi zile. Na kwa kuwa nyuso zilikuwa mamia, alishirikiana na Robert Adamson kuzipiga kwanza kwa kamera, chombo kilichokuwa kipya siku zile. Kazi yake ya rangi ilikwisha mwaka wa 1866, wakati wengi wa wale wachungaji walipokuwa wamekwisha kufa.

Kuandika jina ni kazi ya dakika moja. Kesho yake mchungaji alipaswa kurudi kwake, kumwambia mkewe wafunge vyombo, na kutoka katika nyumba waliyozalia watoto. Walimu wa shule waliofuatana na Kanisa Huru walifukuzwa vilevile, kwa kuwa shule za vijiji zilikuwa chini ya kanisa la serikali. Na mwalimu alikuwa na akiba ndogo kuliko mchungaji. Chalmers alikuwa ameona mapema yatakayokuja. Alianzisha mfuko mmoja wa riziki ya wachungaji wote: kila mtu katika kila usharika atoe kidogo kila juma, hata peni moja, fedha zote zipelekwe Edinburgh, kisha kila mchungaji apate sehemu sawa, awe wa mji wa matajiri au wa kisiwa cha wavuvi. Hivyo sharika zenye nguvu zilizibeba zile dhaifu. Wazee wa sharika zetu wanaoshindana kila mwaka juu ya fungu la kupeleka jimboni wangefanya vema kuisoma habari ya mfuko ule. Haikupita miaka mingi Kanisa Huru lilikuwa na majengo 700 hivi.

Lakini jengo huhitaji ardhi, na ardhi ilikuwa mikononi mwa walewale. Katika milima ya kaskazini, ambako watu husema Kigaeli, bwana mmoja aliweza kumiliki nchi ya mwendo wa siku nzima. Miaka ileile mabwana wengi walikuwa wakiwaondoa wakulima mabondeni ili waweke kondoo, na watu walinung'unika ya kuwa wachungaji wa kanisa la serikali walinyamaza. Kwa hiyo huko karibu watu wote waliingia Kanisa Huru. Walikuwa na makatekista wao, watu wasiosoma vyuo, waliopita nyumba kwa nyumba wakiwafundisha wasiojua kusoma. Na hao ndio waliowashikilia watu pamoja. Mabwana wengine walikataa kuwapa hata kipande cha kujengea. Huko Canonbie, kusini, usharika ulisali kando ya barabara kwa kuwa barabara peke yake haikuwa ya bwana. Mchungaji wa kisiwa cha Eigg alinyimwa nyumba, akakaa katika jahazi dogo, akivuka kutoka kisiwa hata kisiwa. Na watu wa Strontian, waliponyimwa ardhi na Sir James Riddell, waliagiza chombo cha chuma kilichojengwa kama kanisa, chenye mimbari na viti, kwa gharama ya pauni 1,400. Mwaka wa 1846 kilivutwa mpaka ghuba yao, Loch Sunart, kikatiwa nanga karibu na pwani. Jumapili watu walikwenda kwa mashua. Husimuliwa ya kuwa kila walipoingia watu mia, kanisa lilizama inchi moja, hata watu wa pwani waliweza kupima kwa macho kama mhubiri wa siku ile anapendwa. Mwaka wa 1847 Bunge la London likaweka kamati ya kuchunguza habari hizo, na mabwana wakaanza kulegea mmoja mmoja. Ulinzi wa sheria juu ya mashamba yenyewe wakulima wa milima walingoja mpaka mwaka wa 1886.

Tukiwasifu watu hao, hatuna ruhusa ya kuliruka jambo lililo baya. Mwaka wa 1844 wajumbe wa Kanisa Huru walikwenda Marekani kuomba msaada, wakarudi na fedha ambazo ndani yake mlikuwa na pauni 3,000 hivi kutoka sharika za kusini, zenye watu waliomiliki watumwa. Mwaka wa 1846 Frederick Douglass, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa akatoroka, alizunguka Uskoti akihutubia umati, akiwataka wazirudishe fedha zile. Maneno hayo yaliandikwa katika kuta za miji. Viongozi wa kanisa, na Chalmers mmoja wao, walijitetea kwamba utumwa ni dhambi lakini si kila mwenye watumwa ni wa kutengwa. Fedha hazikurudishwa. Watu walioacha nyumba zao kwa ajili ya uhuru wa kanisa walishindwa kuacha pauni elfu tatu kwa ajili ya uhuru wa mtumwa. Na Douglass aliwaambia hivyo mbele ya nyuso zao.

Haki ya wenye ardhi ilifutwa katika Uskoti mwaka wa 1874, miaka 31 baada ya kutoka kule. (Katika kanisa la Uingereza haijafutwa kabisa hata leo, ila imefungwa kwa kanuni nyingi, na wajumbe wa usharika waweza kumkataa mtu.) Mwaka wa 1900 sehemu kubwa ya Kanisa Huru iliungana na wale waliojitenga zamani, wachache waliokataa muungano walikwenda mahakamani, na mwaka wa 1904 Bunge la Mabwana likawapa wao mali yote, hata ikabidi sheria nyingine itungwe ili igawanywe kwa haki. Mwaka wa 1921 Bunge lilikiri kwa sheria ya kuwa Kanisa la Uskoti, katika mambo ya imani, ibada na utaratibu wake, halihukumiwi na mahakama ya serikali. Kisha mwaka wa 1929 pande mbili kubwa zikawa kanisa moja tena. Sehemu ndogo ya Kanisa Huru ingali peke yake mpaka leo.

Nasi Afrika ya Mashariki tumeyaonja matunda ya ugomvi ule bila kujua. Ndiyo sababu nchi ya Nyasa ilipata misheni mbili za Waskoti: Livingstonia ya Kanisa Huru mwaka wa 1875, na Blantyre ya kanisa la serikali mwaka wa 1876, sharika zao zilianza kuungana mwaka wa 1924, kabla ya makanisa yaliyowatuma. Katika Kenya misheni ya Waskoti ilianza Kibwezi mwaka wa 1891, ikahamia Kikuyu mwaka wa 1898. Na baada ya Vita Kuu ya kwanza, wamisionari Wajerumani walipoondolewa katika Tanganyika, ni Waskoti wa Livingstonia waliovuka mpaka wakazitunza sharika za Wamoravian na za misheni ya Berlin upande wa kusini, mpaka wenyewe waliporudi. Kwa hiyo wako Walutheri wa kusini ambao babu zao walihudumiwa na wana wa wale waliotoka siku ile.

Mfalme wa leo hana cheo cha utawala katika Kanisa la Uskoti. Charles III alipotangazwa, tarehe 10 Septemba 2022, aliapa kuilinda haki ya kanisa lile. Akiwa Uskoti husali humo kama mshiriki. Mkutano Mkuu unapokutana yeye hutuma mjumbe, naye mjumbe huketi juu katika roshani, ambayo kwa kanuni huhesabiwa kuwa nje ya mkutano. Hashuki kwa wajumbe, wala hapigi kura. Na ukumbi ule wenye roshani, ulio juu ya kilima katika Edinburgh, ulijengwa na Kanisa Huru.